Marehemu Alibonyeza Mbili

"Jumatano ulibonyeza nne," Inspekta alisema. "Nne si moja wala si mbili. Kwa nini nne?"

Fundi cherehani aliinua uso. Tangu awekwe mahabusu, vidole vyake vilikuwa vikitafuta kazi. Sasa vilishika pindo la shati lake na kulikunja mkunjo mwembamba ulionyooka, kana kwamba sindano ingefuata.

"Sijabonyeza chochote, afande. Sikuwepo."

"Mlango wa shangazi yako ulikuwa umefungwa vizuri mpaka Ijumaa ulipovunjwa. Funguo ziko mbili. Mmoja tumeukuta unaning'inia msumarini, nyuma ya mlango. Wa pili uko wapi?"

"Mnao nyinyi. Mliutoa mfukoni mwangu."

"Kwa hiyo nani mwingine angeingia?"

Lile pindo alilikunjua, akaanza upya.

Inspekta alimwacha anyamaze. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti isiyopanda, na kimya kilikuwa chombo chake cha kazi. Wengi waliokaa kwenye kiti kile walipendelea kufokewa. Lakini huyu hakukimbilia kuongea ili kukiziba kimya. Alikaa ndani yake kama mtu aliyekizoea.

Jalada lilikuwa jembamba. Shangazi, mwalimu mstaafu wa jiografia ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu tu, aliishi peke yake ghorofa ya tatu. Ijumaa alikutwa amelala mlangoni pa bafu, ubavu wa kichwa umepasuka kwenye ukingo wa kizingiti. Daktari wa maiti alisema amekufa tangu Jumatatu jioni. Alipoulizwa kama alianguka au alisukumwa, daktari alisema mfupa haujui tofauti.

Ingekuwa hayo tu, jalada lingefungwa kwa neno ajali. Kilicholigeuza kuwa la mauaji ni simu. Mwalimu alikuwa mwanachama wa Salamu za Asubuhi, huduma ya wazee wasio na mtu nyumbani. Kila siku mtambo humpigia mmoja baada ya mwingine. Sauti iliyorekodiwa humsalimu, kisha humwambia abonyeze moja kama yu mzima, mbili kama anahitaji mtu. Asiyepokea, muuguzi wa zamu hupigiwa kengele aende kugonga mlango wake. Jumanne asubuhi, Mwalimu akiwa tayari maiti, kumbukumbu za mtambo zilionyesha amejibu moja. Jumatano, nne. Alhamisi, moja tena. Ijumaa zikaonyesha mbili, na hiyo mbili ndiyo iliyompandisha muuguzi ngazi akamkuta.

Mkuu wa upelelezi hakuhitaji zaidi. Kwa hesabu zake, mpwa alimsukuma shangazi, akawa anakuja kila asubuhi kumjibia simu ili asitafutwe, hadi Ijumaa moyo ulipomsuta akabonyeza mbili. Simu ilikutwa chini ya mto, imekufa chaji, ina alama za vidole vya Mwalimu peke yake. Mkuu alilipatia hilo jawabu pia: fundi cherehani hakosi kitambaa. Kesho asubuhi alitaka kijana apelekwe mahakamani.

"Majirani walisikia mkigombana Jumapili," Inspekta alisema.

"Nilimwambia ahamie kwangu. Nilishamwandalia chumba, cherehani nikaihamishia sebuleni. Akaniambia yeye si kabati la kuhamishwahamishwa."

"Ukafanyaje?"

"Nikaondoka."

"Halafu?"

"Halafu basi. Nilingoja anipigie yeye kwanza." Alilaza kiganja juu ya pindo kulinyoosha. "Na yeye, namjua, alikuwa akiningoja mimi."

Inspekta alifunga jalada. Kutoka nje alisimama kwenye korido akiifikiria ile nne. Mtu anayemjibia maiti simu ili kuficha kifo huwa mwangalifu kuliko wote. Anajua anatakiwa kubonyeza moja. Na kama kidole kimeteleza, kwa nini asirudie?

*

Muuguzi wa zamu alikuwa amevua viatu. Ofisi ya Salamu za Asubuhi ilikuwa chumba cha mbele chenye meza, skrini, na dirisha linalotazama ukuta. Miguu yake aliilaza juu ya boksi la karatasi.

"Nisamehe, afande. Wazee wangu wote wanakaa juu. Sijui kwa nini hakuna mzee hata mmoja anayekaa chini."

"Nisimulie Ijumaa."

"Nimeshawasimulia wenzako."

"Nisimulie mimi."

Muuguzi akashusha miguu. "Siku ile nilikuwa na wito mara mbili. Wamefuatana kwenye skrini kama mapacha. Wa kwanza Dereva, yule mzee aliyekuwa akiendesha treni. Wa pili Mwalimu. Nikaanza kwa Dereva kwa sababu ni karibu. Nafika, hana kitu. Presha yake ni nzuri kuliko yangu. Akanikalisha, akanionyesha picha za treni, moja baada ya nyingine, na mimi nikakaa kama mjinga. Laiti ningeanza kwa Mwalimu."

"Mwalimu alikuwa amekufa tangu Jumatatu."

"Najua. Lakini ngazi zile nazipanda kila nikifumba macho."

Inspekta alingoja apanguse pua. "Wito mara mbili kwa asubuhi moja, hutokea?"

"Hapana. Wiki inaweza kupita bila hata mmoja."

"Na kengele za wasiopokea?"

Muuguzi alifungua mdomo ajibu, akasita. "Hizo zilikuwa zinatutesa sana zamani. Mtu kasahau simu jikoni, wewe unakwenda kugonga mlango bure, na matusi unatukanwa. Tangu tuletewe mtambo huu mpya, zimekwisha. Labda yule bibi mwenye masikio mazito, yule wa kwanza kwenye orodha. Huyo kengele yake inalia kila mara. Wengine siku hizi wote wanapokea."

"Wote?"

"Wote, afande. Tulifurahi kweli."

Inspekta aliuliza Dereva anakaa wapi.

*

Mlango ulifunguliwa kabla hajamaliza kubisha. Mzee alikuwa amevaa shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka shingoni, na viti viwili vilikuwa vimewekwa vikitazamana, kama ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu. Kaa. Kaa hapo, hicho ndicho kizuri."

Alipoona kitambulisho cha polisi, mikono yake ilishuka. "Ni kwa sababu ya ile mbili?"

"Ipi?"

"Ya Ijumaa. Muuguzi alisema hakukasirika. Lakini najua nilimpotezea muda, na kuna wagonjwa wa kweli."

"Sijaja kukushtaki, mzee. Nataka kujua tu kwa nini uliibonyeza."

Dereva alitazama dirisha. Chini, mtu alikuwa akiburuta toroli lenye gurudumu bovu, na walimsikiliza wote wawili mpaka akapita kona.

"Yule msichana wa kwenye simu ana sauti nzuri," mzee alisema. "Lakini ukimuuliza kitu hakujibu. Mimi nilikuwa namuuliza. Anasema habari za asubuhi, nami namwambia nzuri, za kwako? Anasema bonyeza moja. Nilibonyeza moja mpaka kidole kikachoka. Ijumaa nikasema leo nijaribu mbili, nione kama mbili ina mtu."

"Ikawa naye."

"Ikawa naye," mzee alisema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu.

Inspekta aliinama mbele kidogo. "Siku za kabla ya Ijumaa ulibonyeza nini? Jumanne?"

"Moja."

"Jumatano?"

Mzee alijikuna kidevu kwa aibu. "Jumatano nilikosea. Miwani sikuwa nayo, nikawa nahisi kwa kidole. Nadhani niligusa kile cha chini yake."

"Chini ya moja kuna nini?"

Alitoa simu yake mfukoni, akaisogeza machoni, akaiondoa mbali, akaisogeza tena. "Nne," alisema. "Nilibonyeza nne."

Inspekta alisimama. Mzee naye alisimama haraka, akiangalia kile kiti kizuri ambacho hakijapata hata joto.

"Kuna picha za treni," alisema. "Kama una nafasi."

"Leo sina, mzee. Kuna mtu yuko ndani, na kesho watampeleka pabaya."

"Basi nenda," Dereva alisema. "Nenda mama, nenda."

*

Chumba cha mitambo kilikuwa nyuma ya ofisi ya muuguzi, kidogo, chenye feni inayozunguka kwa kusuasua. Mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa akikitunza alikuwa kijana mwenye macho mekundu. Polisi walipomwomba kumbukumbu za Mwalimu, aliwachapia za Mwalimu, hizo tu, ndivyo walivyoomba.

"Sasa nataka za watu wote," Inspekta alisema. "Kuanzia Jumatatu. Kwa mpangilio ule ule mtambo unavyowapigia."

Karatasi zilipotoka, alizilaza mezani na kutafuta jina la Mwalimu kwa ukucha. Juu yake, mstari mmoja tu juu, palikuwa na Dereva. Jumanne Dereva moja, Mwalimu moja. Jumatano Dereva nne, Mwalimu nne. Alhamisi moja, moja. Ijumaa mbili, mbili.

Aligeuza karatasi kumwelekezea yule kijana.

"Inaweza kuwa bahati," mtaalamu alisema.

"Mbili, labda. Nne?"

"Afande, mtambo huu niliupima mwenyewe kabla haujaanza kazi. Mtu asipopokea, kengele inalia. Niliupima si mara moja."

"Upime tena. Mbele yangu."

Kijana alionekana kupata nafuu. Hilo lilikuwa jambo alilolimudu. Alitengeneza orodha ya majaribio akaweka namba yake, akazima simu yake, akaamuru skripti ianze, yaani lile faili la maagizo ambalo kompyuta hulifuata mstari kwa mstari. Mtambo ukapiga. Haikupokelewa. Papo hapo kengele ikalia chumba cha mbele, na sauti ya muuguzi ikauliza kuna nini.

"Jaribio," mtaalamu aliitikia kwa sauti. Kisha, kwa upole: "Unaona, afande. Ni mzima."

Inspekta aliona. Kengele ilikuwa imelia kama inavyotakiwa, na nadharia yake ilikuwa imelala chali. Alifikiria kumpigia mkuu simu na kumwacha aendelee. Aliketi kwenye boksi la nyaya. Feni ikazunguka, ikasita, ikazunguka. Mtu asipopokea kengele inalia, kijana hakudanganya. Muuguzi naye hakudanganya: kengele hazilii tena. Wakweli wawili hawawezi kupishana hivyo, isipokuwa kama wanazungumzia vitu viwili tofauti. Nani ambaye kengele yake bado inalia? Bibi mwenye masikio mazito. Na muuguzi alisema nini juu yake? Wa kwanza kwenye orodha.

"Orodha yako ya majaribio ina watu wangapi?"

"Mimi tu."

"Siku zote ulipima ukiwa peke yako?"

"Ndiyo. Ningemsumbua nani?"

"Tuweke wawili," Inspekta alisema. "Mimi juu, wewe chini. Ya kwako iache imezimwa."

Kijana aliandika namba ya Inspekta. "Hakuna mtu anayeweza kukupigia katikati, tukaharibu?"

"Hakuna."

Alisema hivyo kama anavyotaja saa, na kijana akainamisha macho kwenye kibodi.

Skripti ikaanza. Simu ya Inspekta ililia kiganjani, na ile sauti ya msichana ikamtakia asubuhi njema ingawa ulikuwa mchana. Alibonyeza saba, namba ambayo hakuna mtu angeibonyeza kwa sababu yoyote. Kisha mtambo ukapiga simu ya mtaalamu, iliyokuwa imelala mezani kioo chake kikiwa cheusi. Wakangoja. Chumba cha mbele hakikutoa mlio.

Kwenye skrini mistari miwili ilikuwa imeandikwa. Inspekta: 7. Mtaalamu: 7.

Kijana aliichukua simu yake akaitazama mbele na nyuma, kama kwamba ingekuwa imejiwasha kisirisiri. Ilikuwa baridi.

"Nifungulie hayo maagizo," Inspekta alisema.

Yalikuwa mistari michache tu. Alitegemea kitu kikubwa zaidi.

for namba in $orodha; do
    if piga "$namba"; then
        jibu=$(soma_kitufe)
    fi
    if [ -z "$jibu" ]; then
        kengele "$namba"
    fi
    andika "$namba" "$jibu"
done

"Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

"Huu ni mzunguko." Kidole chake kilipita kwenye skrini kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. "Unachukua mtu wa kwanza kwenye orodha, unafanya haya yote, unarudi juu, unachukua wa pili, hivyo hivyo mpaka waishe. Unampigia. Akipokea, unasoma alichobonyeza, unakiweka kwenye kigeu kinachoitwa jibu."

"Kigeu."

"Kama bakuli lenye jina. Linaitwa jibu, na ndani yake unaweka namba. Hapa chini unaliangalia. Likiwa tupu, maana yake mtu hakupokea, kengele inalia. Mwisho unaandika kilichomo kwenye kumbukumbu, na kikiwa mbili kinatokea kwenye skrini ya muuguzi."

"Asipopokea, unaweka nini ndani ya bakuli?"

"Hakuna. Si hajajibu."

"Nani analimwaga?"

"Kulimwaga?"

"Umetoka kwa Dereva. Bakuli lina nne. Umerudi juu, unampigia Mwalimu. Kabla hujampigia, bakuli lina nini?"

Mtaalamu alifungua mdomo. Macho yake yalikwenda kwenye mstari wa kwanza, yakashuka, yakapanda tena, na mdomo ulibaki wazi. Mkono wake ukaanza kuandika kabla hajasema kitu. Aliiendesha skripti upya, safari hii kwa namna inayoilazimisha itangaze kila agizo inapolitekeleza. Mistari ikateremka. Namba ya Inspekta, kupiga, jibu ni saba, je, saba ni tupu, hapana, andika. Namba ya mtaalamu, kupiga, na baada ya hapo, pale ambapo pangekuwa na mstari wa jibu, hapakuwa na kitu. Ikaruka moja kwa moja: je, saba ni tupu, hapana, andika.

"Halimwagwi," alisema kwa sauti ndogo. "Jibu la mtu linabaki pale mpaka atokee mwingine wa kupokea. Mtu asipopokea, anachukua la aliyemtangulia. Nilipopima, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza. Wa kwanza hana aliyemtangulia, bakuli bado tupu. Kengele inalia."

"Na bibi mwenye masikio mazito ni wa kwanza."

"Ndiyo."

"Nani aliandika hii?"

"Mimi," alisema. "Niliiandika mimi."

"Irekebishe," Inspekta alisema.

Ilikuwa mstari mmoja. Chini ya mstari wa kwanza aliandika jibu="" na kukaa kuitazama: bakuli linalomwagwa kabla ya kila mtu. Wakajaribu tena, Inspekta juu, kijana chini, simu imezimwa. Kengele ikalia, na muuguzi akaja mlangoni pekupeku kuuliza kama leo wamepanga kumtia wazimu.

"Sasa endesha orodha yote," Inspekta alisema. "Ya wazee wenyewe. Sasa hivi."

Kijana alielewa. Ikiwa Mwalimu aliandikwa mzima kwa siku zile zote, nani mwingine aliandikwa hivyo? Mtambo ukaanza kupiga, na wote watatu walisimama nyuma ya kiti bila kuketi. Kengele ililia kwa bibi wa kwanza. Ikalia tena katikati ya orodha, na tena karibu na mwisho. Muuguzi alikuwa ameshavaa viatu. Inspekta aliagiza gari la kituo limchukue, na kwa sehemu iliyobaki ya alasiri alikaa chumbani mle na mtaalamu, wakisubiri simu ya mezani. Bibi alikuwa amelala. Mwingine alikuwa uani anaanika nguo. Wa mwisho alichelewa, na kijana alikuwa ameinamisha kichwa kwenye kibodi muuguzi alipopiga kusema kwamba mzee huyo alihamia kwa bintiye zamani na simu aliiacha kwenye droo. Jirani ndiye aliyesema. Hapakuwa na mtu aliyejua kwamba amehama.

*

"Skripti si shahidi," mkuu wa upelelezi alisema.

"Sawa, mkuu. Lakini ndiyo uliyomtegemea kumweka ndani."

Mkuu alizisoma karatasi mara ya pili. Kwenye pambizo Inspekta alikuwa amezungushia nne mbili kwa kalamu nyekundu. Chini yake aliambatanisha majibu ya kampuni ya simu, ambayo hatimaye alikwenda kuyadai mwenyewe, akasimama mbele ya meza ya karani mpaka yakachapwa: Jumanne simu ya Mwalimu iliita bila kupokelewa. Jumatano iliita bila kupokelewa. Kuanzia Alhamisi haikuwa hewani.

"Hakuna aliyejibu," mkuu alisema.

"Hakuna."

"Kwa hiyo aliteleza."

"Sakafu ya bafu ilikuwa na sabuni. Ndala moja imebaki ndani. Iko kwenye ripoti ya kwanza kabisa, kabla hatujasoma habari za simu. Tuliacha kuitazama."

Mkuu alisaini bila kuinua macho. "Mwambie wewe," alisema. "Mimi sitapata maneno."

Fundi cherehani alitolewa kwenye korido akiwa ameshika mkanda wake mkononi. Inspekta alimpa ufunguo kwenye bahasha, akamweleza yote, polepole, tangu kwa Dereva mpaka kwenye bakuli lisilomwagwa. Alitegemea hasira. Alikuwa ameandaa maneno ya kuipokea.

Mpwa alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mle ndani hapakuwa na mtu?"

"Hapakuwa na mtu. Huna kesi."

"Siulizii kesi." Aliuzungusha ufunguo kwenye vidole. "Mlipokuwa mnaniambia kuna mtu anaitikia simu kwake kila asubuhi, nilijua si mimi, kwa hiyo nikawa nafikiri ni nani. Nilimchukia mtu huyo. Lakini mle selo ukilala unafikiri vingi. Nikawa nafikiri, basi angalau kuna mtu anaingia anamwona."

Inspekta aliikunja ile bahasha tupu.

"Alikaa muda mrefu?" mpwa aliuliza. "Baada ya kuanguka?"

"Daktari anasema hakukaa."

"Anajua, au anasema tu?"

Wangapi aliwahi kuwapa jibu la kuwapunguzia mzigo, akawasindikiza mlangoni. Huyu alikuwa amesema kweli tangu siku ya kwanza, na wao ndio hawakumwamini.

"Anasema tu," alijibu.

Mpwa aliitikia kwa kichwa. Akavaa mkanda, akaukaza, akasimama pale kama mtu aliyesahau amefuata nini.

"Mlango wake si mliuvunja?"

"Uliegeshwa. Kuna utepe wetu. Unaweza kuutoa."

"Kuna mtu amefuta mle ndani?"

"Hapana," Inspekta alisema. "Hakuna mtu aliyeingia tena."

"Basi nitaanzia hapo," fundi cherehani alisema. Aliuliza kama kituoni wana ndoo anayoweza kuazima.

Inspekta alikwenda kuitafuta mwenyewe.